Maswali ya wasomaji: kichwa kinapogoma kuvumbua

Tulipoomba maswali kuhusu uvumbuzi tulitarajia yahusu vifaa: mota gani, gundi gani, betri ya volti ngapi. Barua nyingi zimeuliza habari za kichwa chenyewe. Ndefu tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Shikamooni wahariri. Kila nikishika kalamu nibuni kitu, kichwa kinakuwa cheupe. Wenzangu wanasema ubunifu ni kipaji, ama unacho ama huna. Ni kweli? (Fundi seremala)

Marahaba. Tatizo liko hapo kwenye "nibuni kitu". Kitu gani? Akili haijapewa kazi, nayo imekaa. Anayevumbua haanzi na kitu, anaanza na kero, na kero haitafutwi mezani, huokotwa kazini. Kwako wewe ziko tele: jiliwa linaloacha alama kwenye mbao laini, rula inayoteleza katikati ya mstari, vumbi linalofunika alama ya penseli palepale msumeno unapotaka kupita.

Tafuta daftari la mfukoni, lililoshonwa, lisiwe la karatasi za kuchomoa. Kila siku andika kero tatu, kila moja mstari mmoja au miwili, kwa siku 30. Andika kilichotokea, usiandike unachotaka kutengeneza: "mkono wa kushoto unachoka kushikilia ubao kabla msumari haujashika", wala si "nahitaji kishikio". Tena andika papo hapo. Kero ikipita saa moja mkono umeshaizoea na akili imeshaisamehe. Wiki ya kwanza utaandika upuuzi mwingi, usijali. Baadaye utaona baadhi zinajirudia. Hizo zizungushie duara. Mwisho wa mwezi una kama 90, na unayoitafuta ni moja tu: inarudi kila wiki, inamsumbua mtu mwingine zaidi yako, na unaweza kuijaribu ndani ya siku saba kwa vitu ulivyo navyo.

Kuhusu kipaji, watu wanatofautiana, hatubishi. Lakini mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini akiwa na mbwa wake, mbegu za miiba zimewaganda nguoni na manyoyani. Kila mwenye mbwa amewahi kuzing'oa na kuzitupa. Yeye aliiweka moja chini ya hadubini, akaona ncha ya kila mwiba imejikunja kama ndoano. Kuiona ndoano ilikuwa kazi ndogo. Kuitengeneza kwa nailoni, ishike kisha iachie maelfu ya mara, ilimla miaka mingi. Hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi, aliipata 1955.

Kero ninayo. Mama yangu vidole vimedhoofika, hawezi kufungua mitungi ya kioo yenye vifuniko vya chuma vya kuzungusha. Nimechora vishikio ishirini na vyote ni ndugu. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa ufundi mitambo)

Vinafanana kwa sababu vyote vinajibu swali moja: "mshiko uongezwe vipi?" Jibu umeshaliweka ndani ya swali. Liandike upya bila kutaja kifaa chochote: mtu asiye na nguvu ya vidole afikie kilichomo ndani. Halafu uliza, ni nini hasa kinachokishikilia kifuniko?

Ni vitu viwili. Kuna msuguano kati ya mpira wa kifuniko na mdomo wa kioo, na kuna ombwe lililobaki ndani, kwa sababu mtungi ulifungwa ukiwa wa moto kisha ukapoa. Sasa piga hesabu. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 7 kina eneo la sentimita za mraba 38 hivi. Hewa ya nje inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme ndani imebaki nusu tu ya hewa: kifuniko kimebebeshwa kama kilo 19. Kishikio chako kinapigana na mzigo huo. Ndiyo, mpini wa sentimita 14 kutoka katikati unampa mama nguvu mara nne kuliko kushika ukingo, ulio sentimita 3.5 tu kutoka katikati. Lakini kadiri unavyokaza juu, ndivyo mkono wa pili unavyotakiwa kuuzuia mtungi usizunguke. Na huo nao ni mdhaifu.

Chukua kijiko. Ingiza ncha yake chini ya ukingo wa kifuniko, iegemeze kwenye kioo, unyanyue kidogo sana. Utasikia "tak". Hewa imeingia, kilo 19 zimeshuka, na vidole vilevile sasa vinatosha. (Usichokonoe: ncha ikisukumwa kuelekea ndani inamega mdomo wa kioo.) Vifaa vya kunyanyua ukingo namna hii viko madukani tayari, kwa hiyo usikimbilie hataza. Tunachotaka uone ni jinsi swali lilivyohama kutoka kwenye kukaza hadi kwenye kupitisha hewa, na lilihama siku ulipoacha kutaja vishikio.

Kuna na jambo la majina. Mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker aliwapa watu mishumaa, viboksi na misumari midogo ya kubania, akawaambia waisimamishe mishumaa mlangoni. Suluhisho ni kukibania kiboksi mlangoni kiwe kirafu. Waliopewa viboksi vilivyojaa vitu walikwama zaidi kuliko waliopewa vitupu, maana kwao kiboksi kilikuwa chombo cha kuwekea, basi. Dawa yake: unapoorodhesha vitu vilivyo mezani, viandike kwa umbo na malighafi, usiviite kwa kazi zake. Usiandike "kijiko". Andika "bapa la chuma gumu, urefu wa sentimita 18, ncha nyembamba iliyopinda". Mwenye kusoma maneno hayo anaona wenzo mara moja.

Kifaa changu lazima kiwe kirefu ili kifike juu, lakini kikiwa kirefu hakibebeki. Nimekipunguza, nimekiongeza, na mwishowe nimebaki katikati pasipomfaa mtu yeyote. (Fundi vyuma)

Hapo katikati ndipo uvumbuzi mwingi unapofia. Genrich Altshuller, mhandisi wa Kisovieti aliyeanza kuchambua hataza mwaka 1946, alishikilia kwamba uvumbuzi wenye nguvu haugawani tofauti nusu kwa nusu; unauvunja mgongano wenyewe. Uandike wako kwa sentensi moja: lazima kiwe kirefu ili kifike, na lazima kiwe kifupi ili kibebeke. Sifa iwe ileile moja inayovutwa pande mbili. Ukiandika "kirefu lakini cha bei nafuu" umechanganya mambo mawili, na mbinu hii haitakusaidia.

Sasa uliza: je, sifa hizo mbili zinatakiwa kwa wakati mmoja? Mwavuli ni mpana wakati wa mvua na mwembamba mkononi. Zinatakiwa mahali pamoja? Msumari una kichwa kipana na ncha kali. Zinatakiwa kwa kitu kizima? Mnyororo wa baiskeli unapinda, ilhali kila pingili haipindi. Ama sifa ibadilike yenyewe hali ikibadilika, kama miwani inayopata giza juani na kurudi kuwa nyeupe kivulini. Kwa kifaa chako swali la wakati linatosha: bomba ndani ya bomba. Ugumu utahamia kwenye kifungo kinachoyazuia yasiteleze, na hiyo ni kero mpya, ndogo kuliko ya kwanza.

Tuko watano kwenye kikundi. Tukikutana kutoa mawazo, wawili wanazungumza, watatu tunaitikia. (Kikundi cha vijana)

Si tabia mbaya ya hao wawili, ni utaratibu. Alex Osborn, Mmarekani aliyeeneza mikutano ya kumwaga mawazo, aliweka kanuni nzuri: msikosoe mapema, tafuteni wingi, karibisheni ya ajabu, jengeni juu ya la mwenzenu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakafutwa. Waliokaa peke yao walitoa mengi zaidi. Sababu mnaijua: mdomo ni mmoja kwa wakati, anayesubiri zamu anasahau la kwake, na wazo la kwanza linawavuta wote nyuma yake.

Basi andikeni kabla ya kusema. Kila mtu apate karatasi, aandike mawazo matatu kwa dakika tano, kimya. Apitishe karatasi kushoto, na anayeipokea aongeze matatu, akichochewa na aliyoyakuta. Mizunguko mitano inachukua dakika 25 na kuwapa mawazo 75. Kila wazo liwe sentensi kamili au mchoro; neno moja kama "sumaku" halimsaidii anayefuata. Ukosoaji uwe siku nyingine, kwenye karatasi zisizo na majina.

Nimetengeneza mfano wa kwanza kwa chuma, umenigharimu miezi mitatu, na haufanyi kazi. Wavumbuzi wakubwa hujaribu mara ngapi? (Fundi wa kuchomelea)

James Dyson alitengeneza mifano 5,127 ya kifyonza vumbi chake kisicho na mfuko kabla ya kuridhika. Watu wanaitaja namba hiyo kama habari ya uvumilivu. Sisi tunaisoma kama habari ya gharama: hakuna mtu anayefika huko ikiwa kila mfano unamla miezi mitatu. Wewe hukukosea kwa kushindwa, ulikosea kwa kushindwa kwa bei kubwa.

Mfano wa kwanza haupaswi kuwa kifaa. Uwe jibu la swali moja, lile linaloweza kuua wazo zima. Kama ni mashine ya kuchambua mbegu, usijenge fremu, magurudumu na mpini. Jenga tundu na kitu kinachosukuma mbegu, basi. Kadibodi, mkanda wa gundi, waya wa kufungia, vipande vya plaiwudi. Kabla ya kuwasha, andika kwenye daftari: nategemea nini, nitapima nini, na matokeo gani yatanifanya niliache wazo hili. Hilo la mwisho liandike kwa namba, mfano "zikipita chini ya mbegu 8 kati ya 10, naacha". Usipoliandika mapema utajitetea baadaye. Mvumbuzi ni wakili hodari sana wa kazi yake mwenyewe.

Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukipanua tundu na papo hapo ukaongeza mwendo, mambo yakiwa mazuri hutajua ni kipi kimesaidia, na yakiharibika hujui urudi wapi. Chora jedwali la safu tano: namba ya jaribio, nilichobadilisha, nilichotegemea, kilichotokea, nitakachofanya baadaye. Rudia kila jaribio mara tatu kabla ya kuliamini. Mara moja inaweza kuwa bahati.

Ndugu wawili Wright walikuwa mafundi baiskeli. Mwaka 1901 kiruka chao, yaani ndege isiyo na injini, kilibebwa na hewa kidogo sana kuliko hesabu zilivyoahidi, wakaanza kuyatilia shaka majedwali waliyoyategemea. Hawakujenga kiruka kingine kikubwa mara moja. Walitengeneza boksi la mbao lenye urefu wa mita 1.8 hivi, wakaweka feni upande mmoja, wakapima ndani yake mabawa madogo ya maumbo yapatayo 200, kwa mizani iliyotengenezwa kwa nyaya za spoki na vipande vya misumeno ya chuma. Ndege yao yenye injini iliruka tarehe 17 Desemba 1903. Tazama walikopunguza gharama: bawa la kuwekwa kiganjani hutengenezwa kwa muda mfupi, na likikataa halimvunji mtu mguu.

Onyo moja kuhusu mifano midogo. Ukikuza kifaa mara mbili kila upande, uzito unakuwa mara nane, lakini unene wa mguu unaobeba (eneo la mkato wake) unakuwa mara nne tu. Kila sentimita ya mguu sasa inabeba mara mbili. Ndiyo maana kitu kilichosimama imara kikiwa cha kadibodi kinaweza kupinda kikiwa kikubwa, na fundi akamlaumu mwenye chuma.

Gundi niliyochanganya haikauki vizuri, inabanduka. Nitupe? (Mwalimu wa sayansi)

Kwanza andika vipimo vyote, ndipo utupe. Kisha jiulize: hii ni mbaya kwa kazi niliyoitaka, ni nzuri kwa kazi gani? Mwaka 1968, Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata gundi iliyoshika kidogo na kubanduka bila kuacha alama. Ilikosa kazi kwa miaka, mpaka mwenzake Art Fry, mwaka 1974, alipochoshwa na alama za karatasi zilizokuwa zikidondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya. Karatasi za kubandika na kubandua ziliingia sokoni Marekani 1980. Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont, mwaka 1965, alipata kimiminika chepesi chenye ukungu, wakati cha kawaida kilikuwa kizito na angavu. Aliyeendesha mashine ya kusokota nyuzi alisita, akihofia kingeziba matundu yake. Kwolek alishikilia kisokotwe. Uzi uliotoka ni ule wa fulana za kuzuia risasi, Kevlar.

Usizichukue hadithi hizi kama ruhusa ya kujaza stoo. Silver na Kwolek walijua kilicho cha kawaida kinaonekanaje, ndiyo maana walitambua kisicho cha kawaida. Gundi yako ipime: bandika vipande vitano vya upana wa sentimita 2, vining'inize, ongeza maji kwenye chupa iliyofungwa chini yake mpaka vibanduke, uandike gramu. Kama vyote vitano vinabanduka kwenye uzito unaokaribiana, umepata tabia, na tabia inaweza kutafutiwa kazi. Kama kimoja kinabanduka kwa gramu 50 na kingine kwa 900, hukuchanganya vizuri.

Nikikwama nalala, nasikia jibu huja usingizini. Bado halijaja. (Msomaji)

Huja kwa aliyechoka nalo. Graham Wallas, mwaka 1926, alizitaja hatua nne za kupata wazo: kujiandaa, kuliacha litulie, kumulikiwa, kuhakikisha. Watu wanaipenda ya pili na kuiruka ya kwanza. Kabla ya kuliacha, andika umekwama wapi hasa na umeshajaribu nini. Kisha fanya kazi ya mikono isiyohitaji mawazo: kufua, kutembea, kufagia. Simu iache ndani. Nafasi tupu ndiyo inayofanya kazi, na simu inaijaza.

Naogopa kumwonyesha mtu wazo langu, wataniibia. Lakini bila kuuliza siendi mbele. (Mvumbuzi chipukizi)

Hofu yako ina msingi, ila umeielekeza pabaya. Katika nchi nyingi, ukitangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kupeleka maombi ya hataza unaweza kuipoteza haki hiyo, hata aliyetangaza akiwa ni wewe mwenyewe. Marekani inampa mvumbuzi miezi 12. Usidhani kwako ni hivyo hivyo, uliza ofisi ya hataza ya nchi yako. Video uliyoweka mtandaoni ukijisifu inaweza kukudhuru kuliko mwizi.

Kwa hiyo zungumza kuhusu kero kadiri upendavyo, na mtambo wenyewe ufiche. "Unafunguaje mtungi huu?" ni swali lisilofichua kitu. Anayelazimika kuona ndani, kama fundi wa kukuchongea vipuri, atie saini makubaliano ya kutunza siri. Daftari lako liwe na kurasa zenye namba na tarehe, kwa kalamu ya wino, bila kurasa kuchanwa. Haliwi hataza, lakini likitokea bishano unayo ya kuonyesha.

Tafuta pia kama wazo lipo tayari. Espacenet na Google Patents, tovuti za kutafutia hataza, ni bure. Usiishie kwenye picha. Soma madai, zile aya zenye namba, maana ndizo zinazosema ni kipi hasa kinalindwa. Maombi huchapishwa kwa kawaida miezi 18 baada ya kupelekwa, hivyo ya karibuni hutayaona. Na ya zamani usiyadharau: hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, na ikishaisha, mtambo ulioelezwa humo, michoro na yote, ni ruhusa kwa kila mtu. Anayesoma kumi kwa wiki katika fani yake ana shule ya bure.

Nikiwaonyesha ndugu kifaa changu wote wanasema "kizuri". Nikiwaachia, hakitumiki. (Mama wa nyumbani)

Hongera kwa kuliona hilo, wengi wanaishia kwenye "kizuri". Dada, usiwaulize maoni. Tafuta watu watano wasiokujua vizuri, mmoja mmoja. Mpe kila mmoja kifaa na kazi moja ("fungua hiki"), kisha rudi nyuma hatua mbili, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Usieleze kinavyofanya kazi. Siku kitakapouzwa hutakuwepo. Hesabu sekunde mpaka kidole chake kiguse sehemu sahihi, na andika alipogusa kwanza, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo ulipotakiwa kuweka kitufe. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mjibu "wewe unaonaje?" Akikishika juu chini, mwache akitumie hivyohivyo mpaka mwisho.